Mgonjwa Wangu Hanywi

Jumatano, 12 Machi

Sheryl ametuagiza tuandike. Sheryl ni mshauri wa kituo cha tiba ya ulevi cha Kisumu, msichana mpole asiyepandisha sauti. Leo alituambia sisi wake za walevi, kumi na mmoja tulioketi mbele yake, kwamba kila siku tuandike mgonjwa wetu amekunywa nini na alikuwaje. Daftari ni letu, hatalisoma mtu. Basi nimechukua daftari langu la vipimo, nikaruka kurasa za viuno na mabega ya watu, nikaanzia hapa.

Mgonjwa leo amekunywa glasi moja kabla ya kuondoka Katito na mbili aliporudi. Mgonjwa ni mimi.

Nieleze, maana nikija kusoma haya nitajiuliza ilikuwaje. Nina kibanda cha kushona hapa sokoni Katito. Nashona sare za shule, gauni za harusi, na nguo za watu wa kanisa. Mwezi uliopita kwaya waliniletea kitambaa cha gauni kumi na nane. Nikakata migongo kumi na nane, halafu nikakata migongo mingine kumi na nane. Kifua hakuna hata kimoja. Niliwaambia kitambaa kilikuwa kibovu, na mama wa kwaya akaniombea nisikate tamaa. Nilipofunga mlango nilikaa chini katikati ya ile migongo nikalia.

Nikaanza kutafuta msaada. Nilipiga simu kituo kimoja cha kulipia, na aliyepokea akauliza kama ni mume au ni mtoto wa kiume. Hakuwa na swali la tatu, nikakata simu. Kisha nikaenda hadi Pap Onditi, ambako sishonei mtu, nikamwuliza muuguzi wa zahanati mtu anasaidiwa wapi aache pombe. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisema peke yangu njiani zaidi ya mara ishirini. Muuguzi akanishika mkono. "Pole sana, mama. Mzee anakunywa tangu lini?"

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Miaka mitatu."

Akanipa fomu. Jina la mgonjwa, kazi, mahali anapoishi, simu. Nikamwandika Zadock, mume wangu, dereva wa basi la shule ya wasichana, mtu ambaye hata soda huiacha nusu. Muuguzi akanielekeza Kisumu. Jumatano ni zamu ya wake, Alhamisi ni zamu ya wagonjwa wenyewe. "Wewe anza," alisema, "yeye atakufuata."

Nimeanza. Nimelia na wale akina mama leo, na machozi yalikuwa ya kweli. Nimetoka pale nikijiona mwizi.

Alhamisi, 13 Machi

Glasi nne. Mvua ya kwanza imenyesha, paa la kibanda linavuja juu ya cherehani.

Jumapili, 16 Machi

Glasi mbili, maana ni siku ya kanisa.

Zadock nimeishi naye miaka kumi na sita. Ni mtu mkavu. Akirudi kazini anauliza swali moja tu: "Umekula?" Nikisema ndiyo, anakaa kwa redio. Nikisema bado, anaenda jikoni mwenyewe na kunipakulia bila neno. Mwanetu Brandon akiwa shule ya bweni, nyumba hii inaweza kumaliza wiki bila sentensi kamili. Wakati mwingine nadhani ningeolewa na mtu wa maneno nisingekunywa. Nimetafuta sababu nyingine pia. Sijapata.

Jumanne, 18 Machi

Glasi sita. Hii lazima niiandike yote.

Jioni Obonyo alikuja. Obonyo ni mhudumu wa afya ya jamii wa upande wetu, na kanisani ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuna nyumba asiyoingia. Alikuwa na mkoba wake na buti zenye matope. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlango wazi. Zadock alikuwa anavua viatu.

"Omera, ndugu yangu, mimi nimetumwa tu," Obonyo alisema. "Usinione mbaya. Jina yako imetoka Pap Onditi."

"Jina langu limefanya nini?"

"Iko kwa listi ya watu ya pombe. Mama ndiye alipeleka. Inatakikana nikuulize maswali kidogo. Ni siri."

Niliacha kusonga. Zadock aligeuka akanitazama. Nilingoja acheke, au afoke, au aseme mke wangu amechanganyikiwa. Alimaliza kuvua kiatu cha pili, akakipanga kando ya kile kingine.

"Sawa," alisema. "Uliza."

"Umekunywa miaka ngapi?"

"Mitatu. Inaingia wa nne."

"Kwa siku?"

"Inategemea. Siku mzuri ni glasi tatu. Siku ya soko inapita hapo."

"Unaanza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, ndio mikono ikae sawa. Halafu saa nane. Halafu jioni kabla ya kupika."

Obonyo aliinua kichwa. "Wewe unapika?"

"Kabla ya chakula kupikwa," Zadock alisema.

"Na unaweka wapi, mama asione?"

"Kwa chupa ya maji ya pasi. Ile ya kunyunyizia nguo."

"Hiyo sijawahi sikia," Obonyo alisema, akaandika. "Umejaribu kuacha?"

"Mara mbili. Krismasi, na wakati mtoto aliingia fomu wani. Siku tatu tatu. Mwili ulikataa."

"Na chakula?"

"Hapo ndio shida kubwa. Inaingia tumbo tupu. Mtu akikula kwanza, haimpigi sana."

Nilidhani nimemficha. Miaka mitatu natafuna tangawizi, najipaka mafuta ya mashine mikononi, naosha glasi na kuirudisha ikiwa kavu, na mtu huyu anajua hata saa. Na lile swali lake moja la kila jioni, nililoliona la mtu asiye na la kusema! Nilitamani aniite mlevi mbele ya Obonyo yaishe.

"Lakini wewe ni dereva, omera," Obonyo alisema mwishoni. "Unabeba watoto ya watu."

"Si umesema ni siri?"

"Ni siri kabisa."

Obonyo alipoondoka Zadock aliniambia, "Ugali inaungua."

Jumatano, 19 Machi

Tatu kabla ya safari. Kwenye kundi nakaa karibu na Nanyama, anayeleta samaki Kisumu kutoka Port Victoria na kubaki kikao kizima na kikapu chake kwenye kiti cha pembeni. Mumewe aliuza injini ya boti yao akanywa. Leo mmoja wetu aliuliza kama wanawake nao huja kutibiwa. Nanyama alisonya. "Mwanaume akikunywa ni shida. Mwanamke akikunywa, hiyo sasa si mtu. Mimi siwezi keti na yeye kiti moja." Wengine wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 23 Machi

Obonyo alisimama wakati wa maombi. "Tukumbuke ndugu yetu Zadock," alisema kwa upole wote, "yuko vitani na chupa." Kanisa zima likafumba macho. Yangu yalikuwa wazi, na ya Zadock pia, anatazama mbele. Mama wa kwaya alinishika bega kwa nyuma, akaliminya.

Nilipaswa kusimama. Nilitazama viatu vyangu.

Mgonjwa sikumhesabia glasi.

Ijumaa, 28 Machi

Habari imefika shuleni. Mzazi mmoja amepiga simu, na mwingine, na mwingine. Basi la shule amepewa dereva wa kukodi. Zadock amepewa fyekeo akate majani ya uwanja hadi bodi ya shule ikae.

Nilimwambia nitaenda kusema. Alikuwa anakunja sare yake ya udereva. "Utaenda kusema nini?" aliuliza, na sikuwa na ujasiri wa kulijibu swali rahisi kama hilo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumanne, 1 Aprili

Tano. Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Tano. Mvua. Sheryl ameuliza kwa nini mgonjwa wangu haji Alhamisi. Nimesema ni mbishi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefanya jambo la kipumbavu. Kuna mahali pa maombi kwenye barabara ya Kendu Bay ambapo mtu hupeleka shati la mlevi, likaombewa na kupakwa mafuta, na akilivaa pombe inamtapisha. Nilipofika na kitambaa changu cha kichwa, mhudumu alinirudisha. Wanapokea mashati. Basi nimerudi nyumbani nikachukua shati la buluu la Zadock, lile la kuendeshea basi, nikalipanga foleni pamoja na mashati ya walevi wa Nyakach nzima. Liliombewa kwa nguvu. Sasa lina doa la mafuta mgongoni ambalo halitoki, na nimelifua mara tatu.

Jumatatu, 21 Aprili

Niliacha Ijumaa Kuu. Jumamosi mikono ilitetemeka hadi kikombe kikagonga meno. Jumapili ya Pasaka niliona wadudu ukutani ambao hawakuwapo. Zadock alikaa nami siku nzima na uji. Alininywesha kwa kijiko kama mtoto, akisema "Mos, mos," pole pole. Sheryl alishatuonya kwamba mtu aliyezoea sana asiache ghafla nyumbani, anaweza kufa, aanze chini ya daktari. Leo asubuhi Zadock mwenyewe aliniletea ile chupa ya pasi, akageuka upande wa dirisha nikinywa.

Sijawahi kuona aibu kama ya leo asubuhi, na nimeona nyingi.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Zadock anafyeka. Wasichana wakipita wanamwigiza, wanayumba huku na huku wakichekana, wamevaa sweta nilizoshona mimi. Tano.

Jumatano, 7 Mei

Sikwenda Kisumu. Nanyama amenipigia simu kuniuliza kama Zadock amenipiga.

Ijumaa, 16 Mei

Barua ya bodi. Ijumaa ijayo Zadock atie saini kwamba anakubali ana tatizo la pombe na ataanza matibabu. Akisaini atabaki shuleni, lakini kama mlinzi wa getini. Kuendesha watoto, basi tena. Asiposaini aende nyumbani.

"Nitasaini," alisema.

"Zadock, miaka kumi na miwili hujakwaruza hata kioo cha basi."

"Nikikataa wataniuliza, basi ni nani anakunywa."

"Waambie."

Alitia barua mfukoni. "Umekula?" aliuliza.

Nilimtazama huyu mtu niliyemwita mkavu. Nikafikiri nimeishi na mtakatifu na sikujua, na wazo hilo halikunipa faraja hata kidogo. Lilinifanya nijione mdogo zaidi.

Ijumaa, 23 Mei

Bodi ilikaa katika chumba cha walimu, mvua ikipiga mabati. Nilikuwa sijagusa kitu tangu jana jioni. Nilidhani mtu akienda kuungama aende safi. Nilibisha hodi nikaingia kabla ya kuambiwa.

Walikuwa sita na mwalimu mkuu. Mwenyekiti, Mzee Oduor, ambaye kanzu ya mazishi ya mama yake niliishona mimi, aliinua mkono. "Mama Brandon, leo si siku ya sweta."

"Sikuja kwa sweta. Zadock hanywi. Mimi ndiye nakunywa. Niliandika jina lake kwa sababu niliona aibu kuandika langu."

Mzee Oduor alivua miwani akanitazama kwa upendo ambao sijatazamwa nao tangu siku ya harusi.

"Mmesikia huyu?" aliwauliza wenzake. "Huyu ndio mke. Anabeba hadi makosa ya bwana yake."

"Mzee, nasema kweli."

"Tunaelewa, mama. Wanawake yetu wanabeba sana." Mwalimu mkuu alikuwa anapangusa macho. Mjumbe mmoja alisema nialikwe siku ya wazazi nizungumze na wasichana kuhusu uvumilivu katika ndoa. Wengine wakaitikia. Waliandika, nadhani.

Ningeweza kuondoka hapo nikiwa mke bora wa Nyakach. Nakiri mguu mmoja ulishaelekea mlangoni. Lakini kwenye dirisha nilimwona Zadock chini ya ukingo wa paa, fyekeo mkononi, anangoja kuitwa aje kusaini.

Koti la mwalimu mkuu lilikuwa na kifungo kinachoning'inia. Nikasema, "Madamu, nipe koti." Alinipa, nadhani kwa mshangao. Nikatoa sindano na uzi kwenye mkoba, nikasimama katikati yao, nikajaribu kutunga uzi.

Mimi ni fundi wa miaka ishirini. Nilijaribu mara nne. Mkono wa sindano ulikwenda huku, wa uzi ukaenda kule. Jasho lilinitiririka. Sindano ikaanguka, Mzee Oduor akainama kuniokotea. "Ni woga tu," alisema. "Mpeni kiti."

Nikatoa chupa ya maji ya pasi. Nikanywa mbele yao, bila glasi, mafunda matano. Harufu ilikijaza chumba.

"Ngojeni kidogo," niliwaambia.

Tukangoja. Sijui ilikuwa dakika kumi au kumi na tano, mvua ikipiga, nao wakitazama mikono yangu na mimi nikiitazama pamoja nao. Ilianza kutulia kidole kimoja kimoja. Nikachukua sindano, nikatunga uzi mara ya kwanza. Nikashona kifungo, nikakizungushia uzi chini kuwa shina, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno. Ni kifungo kizuri. Nilimnyooshea mwalimu mkuu koti lake, na alichelewa kulipokea.

"Unaweza kwenda," Mzee Oduor alisema. Hakuniita mama.

Zadock aliona yote kupitia dirisha. Tulitembea hadi nyumbani kwenye mvua, yeye mbele, fyekeo begani. Tulipofika aliliegemeza mlangoni na kusema bila kugeuka, "Ungeniacha nisaini."

"Wangekuondoa kwa basi."

"Basi nitapata ingine." Sauti yake ilikuwa ya hasira. Hasira yake sijawahi kuisikia. "Unajua wataniita nini sasa? Mwanaume mlevi ni mlevi tu. Wako wengi hapa Katito, na wanasalimiwa. Lakini mwanaume ambaye bibi yake anakunywa na yeye anaangalia tu, huyo ni mtu gani? Miaka mitatu nimeona. Ningekupeleka hospitali siku ya kwanza. Niliogopa watu watajua. Obonyo alipokuja na jina langu, mimi nilishukuru, Debra. Nikaona heri waseme ni mimi."

Alikaa kwenye kiti na viatu vyake vya matope, akafunika uso kwa mikono.

Kwa hiyo hakuwa jiwe, wala hakuwa mtakatifu. Alikuwa na aibu, kama mimi, na aibu yake ilikuwa imeketi mezani na yangu miaka yote hiyo, kila moja ikidhani iko peke yake. Nilimwonea huruma. Kwa mara ya kwanza tangu Machi niliweza kumtazama bila kuinamisha macho, na nikaenda kumvua viatu.

Jumanne, 27 Mei

Tatu, zote mbele ya Zadock. Barua imekuja: anarudi kwenye basi Jumatatu. Sweta za shule atapewa fundi mwingine. Sokoni wanawake wawili waliokuwa wanakuja kibandani kwangu waliniona wakageuza njia. Obonyo amepita kuomba radhi, hakujua amwombe nani kati yetu, akatuomba wote wawili na kunywa chai.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwambia Sheryl. Mikono yake ilibaki mezani, hakuivuta. Alisema kesho asubuhi nitalazwa hospitalini siku kumi, mwili uachishwe taratibu mbele ya daktari, kisha nianze zamu ya Alhamisi. Nitakuwa mwanamke pekee. Nikamwambia acha kwanza niingie kwa wale akina mama niwaambie nilivyowadanganya.

"Hapo ni kwangu," Zadock alisema. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kunileta.

Nilibaki kwenye benchi la ukumbini. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilimwona akiingia kwenye chumba cha wake, na vichwa kumi vikainuka.

"Mzee, umepotea," mmoja alimwambia. "Hapa ni ya wale wamama wenye wagonjwa."

Zadock alisimama mikono imening'inia, mtu asiyejua kuongea mbele ya watu. Nilidhani atageuka.

"Sijapotea," alisema. "Mimi ni bwana ya Debra. Yeye ndiye anakunywa. Nimekuja kukaa na nyinyi."

Hakuna aliyesogea. Nilimtazama Nanyama, na uso wake ulikuwa mgumu, na nikajua anayakumbuka maneno aliyosema, na kwamba nilikuwa nimeketi ubavuni mwake nikicheka. Kisha alinyanyua kikapu chake cha samaki kutoka kwenye kiti cha pembeni, akakiweka sakafuni.